Tovuti zilizoishia Njiro: historia ya kutafuta chumba Arusha

Azimio la Arusha, lililotangazwa Februari 1967, wengi wanalikumbuka kwa masharti mawili matatu ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili. Sharti la nyumba linasahaulika. Kiongozi wa TANU au wa Serikali hakuruhusiwa kuwa na nyumba ya kupangisha. Leo ukitoka Kaloleni, kwenye Makumbusho ya Azimio, ukapita Ngarenaro na Unga Limited hadi Daraja Mbili, utachoka kuhesabu namba za simu za madalali zilizoandikwa kwa rangi ukutani, kwenye nguzo za umeme na kwenye mageti ya watu ambao pengine hawakuombwa ruhusa.

Kati ya sharti lile na namba hizi kuna miaka karibu sitini, na katikati yake yapo makampuni yaliyokuja na tovuti za kutafutia nyumba, yakiwa na hakika kwamba dalali amefika mwisho wa safari. Mengine yamekwisha kufungasha virago. Dalali yupo.

Kwa kizazi cha Azimio, mpangaji wa mjini kati alikuwa na ofisi ya kwenda. Shirika la Nyumba la Taifa lilianzishwa mwaka 1962. Aprili 1971 ikatungwa sheria ya kutwaa majengo, na nyumba za kupangisha zenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000 zikawa mali ya umma chini ya Msajili wa Majumba, ambaye kazi zake zilihamishiwa Shirika la Nyumba mwaka 1990. Arusha ilikuwa na mkondo wake wa pili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, makao yake makuu yalibaki hapa, na mwaka uliofuata kikaundwa Kituo cha Mikutano cha Kimataifa, AICC, ambacho mpaka leo kinapangisha nyumba mjini humu. Ukiwa na kazi na barua ya mwajiri, ulijaza fomu ukasubiri zamu yako. Wenye ndugu ofisini hawakusubiri sana, lakini hilo ni jambo la kawaida kiasi kwamba halistahili aya nzima.

Asiye na barua alikwenda mtaani. Nyumba yenyewe ilikuwa ile inayojulikana na kila mtu aliyewahi kupanga: vyumba sita, korido katikati, bomba na choo uani. Kujua chumba kipi kiko wazi hukuhitaji tangazo, ulihitaji mjumbe wa nyumba kumi. Mfumo huo wa TANU ulienea miaka ya 1960 kwa kazi za chama na ulinzi, lakini mjumbe alijua pia nani anahama mwisho wa mwezi, nani anadaiwa kodi, mwenye nyumba gani hataki wapangaji wenye watoto wengi. Alijua bila kuandika, na hakutoza kitu zaidi ya heshima, labda na soda. Kwa kuzijua nyumba zake, hakuna tovuti iliyowahi kumkaribia.

Udalali ulinenepa miaka ya 1990, pale mambo matatu yalipogongana. Azimio la Zanzibar la 1991 lililegeza masharti ya uongozi, na kupangisha nyumba kukaacha kuwa jambo la kificho. Kisha Umoja wa Mataifa ukaichagua Arusha mwaka 1995 kuwa makao ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, ICTR. Wakaja majaji, mawakili, wakalimani na walinzi wenye mishahara ya New York, wote wakitaka nyumba yenye fensi na maji ya uhakika. Jumuiya nayo ikafufuka kwa mkataba uliosainiwa hapa hapa Novemba 30, 1999. Njiro ikajengeka, Sakina na Kijenge zikafuata, na kodi ikatajwa kwa dola. Mjumbe hakuwa na namna ya kumpata mkalimani kutoka Senegal. Kijana aliyesimama karibu na hoteli akiwa na simu ya mkononi alikuwa na namna.

Huku chini, Daraja Mbili, udalali ulikuwa wa sura nyingine. Benchi moja, mti mmoja, kibao cha bati: NYUMBA, VIWANJA, MASHAMBA. Malipo yakajipanga yenyewe bila sheria ya Bunge: mpangaji analipa kodi ya miezi sita, wakati mwingine mwaka mzima, na juu yake mwezi mmoja wa dalali. Kabla ya hapo kuna hela ya kuonyeshwa, hata kama vyumba vyote vitatu ulivyoonyeshwa havifai. Kenya ina sheria ya mawakala wa nyumba tangu 1984 na bodi ya kuwasajili. Kwetu dalali wa mtaani amejisajili mwenyewe, siku alipopata rangi na bati.

Mwaka 2009 mkongo wa intaneti wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na mwaka uliofuata ukawaka wa EASSy. Intaneti ikashuka bei, na wenye mitaji wakaanza kuitazama Afrika Mashariki kama kiwanja kisichopimwa. ZoomTanzania ilianza Dar es Salaam ikichanganya magari, kazi na nyumba, na baadaye ikaingia mikononi mwa Ringier ya Uswisi. Kupatana ikaja na jina ambalo halikuhitaji kufafanuliwa. OLX ikaingia. Lamudi, iliyozaliwa na kampuni ya Rocket Internet ya Berlin mwaka 2013, ilikuwa ya nyumba na viwanja peke yake, ikafunguliwa kwa kasi katika nchi nyingi za Asia, Amerika ya Kusini na Afrika, Tanzania ikiwamo. Ahadi ya wote ilikuwa moja: mwenye nyumba na mpangaji wakutane bila mtu wa kati.

Kwa nini basi tovuti hizi ziliishia Njiro? Jibu liko kwenye hesabu zaidi ya teknolojia. Tuseme chumba cha Daraja Mbili ni shilingi 60,000 kwa mwezi. Dalali anapata 60,000 mara moja, na hiyo ndiyo fedha yote iliyopo katika shughuli hiyo. Tovuti ikidai sehemu yake, hata moja ya kumi, inapata 6,000. Kumtuma mtu kwa bodaboda akapige picha, arudi kuhakikisha kwamba chumba bado kiko wazi, ampigie mwenye nyumba ambaye simu yake imezimwa, hiyo 6,000 imekwisha kabla hajashuka kwenye pikipiki. Nyumba ya dola 800 kule Njiro inalipa safari hizo zote na chenji inabaki. Kwa hiyo kila tovuti iliyotaka kukua ilitoka Masaki na Oysterbay za Dar es Salaam, ikapanda ndege, ikatua Njiro, na kutoka Njiro ikaruka kwenda nchi nyingine. Kuteremka kilomita chache hadi Daraja Mbili kulikuwa na gharama kubwa kuliko kuvuka mpaka.

Halafu kulikuwa na tatizo la mtaa wenyewe kuingia kwenye kompyuta. Kata hii inaandikwa Daraja Mbili, Daraja II na Daraja 2. Kwa binadamu ni mahali pamoja, kwa mashine ya kutafutia ni mahali patatu, na chumba kilichoandikwa kwa namna moja hakionekani na anayetafuta kwa namna nyingine mpaka fundi amekaa akaifundisha mashine. Fomu inayouliza idadi ya vyumba vya kulala na mabafu haimsaidii mtu anayetaka kujua mambo matatu tu: luku ni ya peke yangu au ya kuchangia, choo cha ndani au cha nje, na mwenye nyumba anaishi humo humo? Hilo la mwisho ndilo linaloamua.

Ugonjwa mkubwa zaidi ulikuwa matangazo mfu. Mwenye nyumba wa Daraja Mbili hampi dalali mmoja haki ya pekee. Anawaambia watano, na jirani pia. Chumba kile kile kinapanda mtandaoni mara tano kwa bei tano. Keshokutwa kimepata mtu, na hakuna kati ya wale watano mwenye sababu ya kwenda kukifuta, kwani tangazo zuri lililokwisha linaendelea kuleta simu. Mteja akipiga anajibiwa: "Aisee dada, hicho kimeondoka jana jioni, ila nina kingine kizuri kuliko hicho." Kwa dalali hiyo ni biashara inaendelea. Kwa mwenye tovuti ni mteja aliyepotea.

Hapo ndipo tunapoweza kuona waliofanikiwa kwingine walifanya nini. Rightmove ya Uingereza ilianzishwa mwaka 2000 na madalali wenyewe, yaani kampuni kubwa za uwakala wa nyumba zikishirikiana na taasisi za fedha, na mapato yake makubwa yanatokana na ada ya kila mwezi wanayolipa mawakala. Kule Australia, kampuni ya REA iliyoanza Melbourne mwaka 1995 nayo imekula kwa mawakala. Hakuna kati yao aliyekuja kumfuta mtu wa kati. Walikuja kumuuzia kibao. Wawekezaji waliokuja kwetu walisoma kurasa za mwisho za hadithi hiyo, zile za faida, wakaruka za mwanzo. Mimi naona hilo ndilo kosa lililowagharimu, kuliko umaskini wa mtandao au wa wateja, ambao ndio uliolaumiwa sana.

Mwisho wao ulikuja haraka. Katikati ya 2016 Lamudi ya Afrika ilibadilishwa jina ikawa Jumia House, pamoja na ndugu zake wengi waliovalishwa jina la Jumia. Aprili 2019 OLX iliuza biashara yake ya Tanzania, pamoja na ya Nigeria, Ghana, Kenya na Uganda, kwa Jiji. Novemba mwaka huo huo Jumia ikafunga shughuli zake Tanzania.

Watu hawakuacha kutafuta vyumba. Sensa ya 2012 ilihesabu wakazi 416,442 katika Jiji la Arusha. Ya 2022 ikakuta 617,631. Laki mbili zaidi ndani ya miaka kumi, na wengi wao hawakuja na nyumba migongoni. Wanafunzi wa Chuo cha Uhasibu peke yao wanatosha kujaza mitaa. Uwanja wa AFCON 2027 ulipoanza kujengwa Olmoti, wenye nyumba upande huo walianza kuangalia kalenda kwa macho mengine.

Waliookota wateja hawa ni madalali wale wale wa benchi na mti, sasa wakiwa na WhatsApp, Instagram na TikTok. Video zao zina utaratibu unaojirudia kama sala. Inaanza getini, mkono unasukuma, sauti inasema: "Chumba masta na sebule, Daraja Mbili, dakika tano toka lami." Kamera inatazama chini kwenye tailizi, inapanda kwenye jipsamu, inazunguka mara moja kwa haraka ili chumba kionekane kikubwa. Bomba linafunguliwa, maji yanatoka, linafungwa. Mita ya luku inaonyeshwa kwa karibu, maana hiyo ni hoja ya kufunga mjadala. "Kodi mia na ishirini, miezi sita. Kuonyeshwa elfu kumi. Wahi." Sekunde arobaini, zimejibu maswali ambayo fomu za Berlin hazikuyauliza. Gharama yake ni bando la siku.

Matapeli nao walijifunza. Wanachukua video ya mtu, wanapunguza kodi, wanaomba hela kidogo ya kushikilia chumba kwa kuwa "kuna mtu mwingine anakuja jioni". Chumba kipo kweli, lakini kina mpangaji ambaye hana habari yoyote. Kwenye jambo hili tovuti zilizokufa zilikuwa na faida moja ambayo sasa tunaikosa: palikuwa na mtu wa kulalamikiwa.

Serikali imeingia kwenye hadithi hii kwa milango miwili ya pembeni. Machi 2025 zilitangazwa kanuni zinazokataza kutaja bei au kulipana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, na tangazo la "dola 800" la Njiro, lililolisha tovuti zote zile, likawa kosa. Mlango mwingine, ambao kwa mwenye kujenga tovuti ni mkubwa zaidi, ulikuwa umefunguliwa Februari 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipozindua operesheni ya Anwani za Makazi kabla ya sensa. Mitaa ikapewa majina ya barabara, nyumba zikabandikwa namba, na ramani yake ikawekwa kwenye programu ya simu iitwayo NaPA. Kwa mara ya kwanza chumba cha uani Daraja Mbili kinaweza kuwa na anwani ambayo mashine inaielewa: namba ya nyumba, jina la barabara, postikodi inayoanzia 23. Matangazo matano ya chumba kimoja yangeweza kutambuliwa kuwa ni kimoja ndani ya sekunde. Zile tahajia tatu za kata zisingekuwa na uzito tena.

Lakini pitia matangazo ya vyumba kwenye simu yako jioni hii, utafute namba ya nyumba. Ni nadra kuiona. Mteja akishaipata anakwenda mwenyewe, anagonga, anaongea na mama mwenye nyumba, na mwezi mmoja wa dalali umeyeyuka. Kwa hiyo tangazo linakuambia rangi ya ukuta, upana wa sebule, aina ya sinki, hata jina la duka lililo jirani likiwa ni duka lenye jina linalofanana na ya mengine manne. Pa kukutania ni kituo cha bodaboda. Ukifika, piga.