Kibirichia: Heshima ya Bibi na Tiba Iliyochelewa

Aprili 1956, wazee wa Njuri Ncheke, baraza kuu la Wameru wa Kenya, walipiga marufuku ukeketaji. Wasichana wengi walikaidi. Walinunua nyembe madukani, wakaingia vichakani na kukatana wenyewe kwa wenyewe, na watu wakawaita Ngaitana, yaani "nitajitahiri". Katika miaka mitatu iliyofuata, wasichana, wanaume na wanawake zaidi ya 2,400 walishtakiwa kwa kuvunja amri hiyo.

Vitabu vya historia huwaacha wasichana hao hapo, wakiwa waasi wadogo wa enzi ya Hali ya Hatari ya wakoloni. Lakini walikua, wakazaa, wakazeeka. Aliyekuwa na miaka 12 wakati wa marufuku alifikia umri wa kukoma hedhi katikati ya miaka ya 1990, akiwa na kovu la utotoni mahali ambapo ngozi ilikuwa sasa inaanza kuwa nyembamba na kavu. Maumivu aliyoyapata hayakuandikwa popote.

Kibirichia, wadi ya eneo bunge la Buuri huko Meru, kwenye mteremko wa kaskazini-mashariki wa Mlima Kenya, inajulikana kwa viazi. Ni nchi ya baridi, na jembe halimwachi mwanamke apumzike kwa sababu tu amefika miaka 55. Anapalilia, anavuna, anabeba. Ukavu na mwasho ukeni humfuata shambani, na usiku humfanya aogope kitanda chake mwenyewe.

Zamani, umri huo ulikuja na mamlaka. Wanawake wa Meru walikuwa na baraza lao, kiama kia ntonye, lililosimamia unyago wa wasichana na kuamua mambo ya mimba na uzazi. Mary Holding, mmisionari wa Kimethodisti aliyechapisha maelezo kuhusu marika ya Wameru mwaka 1942, aliliona baraza hilo likiwa bado na nguvu. Mwanamke alipanda daraja kadiri watoto wake walivyopita jandoni na unyagoni. Heshima ilikuwapo, tena kubwa.

Hospitali zilipokuja, zilikuja na jicho lililotazama kwingine. Daktari Clive Irvine wa misheni ya Kiskoti alifika Chogoria mwaka 1922, na Wamethodisti wakajenga hospitali Maua. Wamisionari na serikali ya kikoloni walitaka wanawake wazae salama na watoto waishi. Baada ya uhuru, mwaka 1967, Kenya ikawa nchi ya kwanza kusini mwa Sahara kuanzisha mpango wa taifa wa uzazi wa mpango, na miaka ya 1980 Chogoria ilisifiwa mbali kwa kuufikisha hadi vijijini. Mwaka 2013 kujifungua katika hospitali za umma kukawa bure. Hatua hizo ziliokoa maisha ya wengi. Zote, hata hivyo, zilimhesabu mwanamke kwa tumbo lake. Hata utafiti mkubwa wa taifa wa afya na idadi ya watu huwahoji wanawake wa miaka 15 hadi 49. Anayetimiza 50 huondoka kwenye hesabu.

Na tiba ilikuwa imeshajulikana. Mwaka 1923, Edgar Allen na Edward Doisy wa St. Louis, Marekani, walionyesha kazi ya homoni ya ovari, na mwaka 1929 estrojeni ikatengwa kwa mara ya kwanza. Katikati ya miaka ya 1930, George Papanicolaou na Ephraim Shorr walichunguza kwa hadubini ute wa wanawake waliokoma hedhi na kuona ngozi ya uke ikirudia uhai baada ya kupewa homoni hiyo. Chanzo cha ukavu kilikuwa wazi: ovari zikipunguza estrojeni, ngozi ya ndani hunywea, unyevu hupotea, na asidi inayozuia vijidudu hupungua. Ndiyo maana maambukizi ya njia ya mkojo hujirudia. Karibu nusu ya wanawake waliokoma hedhi hupatwa na dalili hizi. Joto la ghafla la wakati wa kukoma hedhi hupungua kadiri miaka inavyopita. Ukavu usipotibiwa huelekea kuzidi.

Kisha ikaja hofu. Julai 2002, sehemu ya utafiti mkubwa wa Marekani kuhusu homoni za kumeza ilisimamishwa baada ya saratani ya matiti, kiharusi na kuganda kwa damu kuongezeka kwa waliotumia estrojeni pamoja na projestini. Onyo kali likabandikwa hata kwenye krimu na vidonge vya ukeni vyenye dozi ndogo, ambavyo homoni yake huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo mno. Mwaka 2018, ufuatiliaji wa wanawake zaidi ya 45,000 haukuona saratani wala magonjwa ya moyo yakiongezeka kwa waliotumia estrojeni ya ukeni. Novemba 2025, mamlaka ya dawa ya Marekani ilitangaza kwamba itaanza kuliondoa onyo hilo.

Kwa mwanamke wa Kibirichia leo, njia ya kwanza ni nyepesi: kilainishi cha maji wakati wa tendo la ndoa, na dawa ya kutunza unyevu inayowekwa ukeni mara mbili au tatu kwa wiki. Jaribio la Marekani la wanawake 302, lililotolewa mwaka 2018, lilikuta kwamba jeli ya kawaida isiyo na homoni iliwapunguzia wengi taabu karibu sawa na kidonge cha estrojeni. Mafuta ya kupikia au ya mgando yasitumike pamoja na kondomu, maana huidhoofisha. Sabuni isiingizwe kamwe ndani ya uke. Huko Mombasa, utafiti wa mwaka 2006 uliihusisha desturi ya kuosha ndani ya uke na hatari kubwa zaidi ya kuambukizwa VVU.

Nafuu isipopatikana, estrojeni ya ukeni hutumiwa kila siku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti azungumze kwanza na daktari wake. Anayetokwa na damu mwaka mmoja au zaidi baada ya hedhi kukoma achunguzwe mara moja, kabla ya dawa yoyote. Mwenye kovu la ukeketaji aliseme, kwa kuwa muuguzi anayelijua atampima kwa upole zaidi.

Tangu Septemba 2023, Kenya ina wahudumu 100,000 wa afya ya jamii wanaopita nyumba kwa nyumba na vifaa vya kupima presha na sukari. Wanaishi vijiji vile vile wanavyovihudumia. Wakiuliza habari za wajawazito, waulize pia kama bibi wa nyumba hiyo anaumia, na zahanati wanayomwelekeza iwe na jeli na krimu ya kumpa, pamoja na dawa za uzazi wa mpango ambazo imekuwa ikizigawa kwa miongo mingi.