Shingo ya Gitaa na Sifa Iliyokuja Baadaye

Wapiga gitaa wengi huamini kwamba sauti hupata tabia yake kwa mti wa shingo. Husema kuwa mepo, mti mgumu mweupe wa Amerika ya Kaskazini, hutoa sauti kali, na mahogani hutoa sauti nzito na laini. Walakini, historia ya karakana yaeleza habari nyingine.

Leo Fender wa Fullerton, California, alikuwa fundi wa redio, wala hakuwa mpiga gitaa. Mwaka 1950, alipoanza kuuza magitaa yake ya umeme, alichonga shingo kwa kipande kimoja cha mepo, akiamini kuwa ugumu wake watosha kuhimili mvuto wa nyuzi. Baadhi ya shingo hizo zilipinda. Kabla ya mwaka kwisha, fimbo ya chuma ikatiwa ndani. Shingo ilifungwa kwa skrubu nne ili ibadilishwe upesi ikiharibika.

Mepo ilikuwa na aibu moja. Vidole na jasho vilikula vanishi, na weupe wake ukaingia madoa. Mwaka 1958 gitaa la Jazzmaster lilitokea na ubao wa vidole wa mti wa Brazili wenye rangi nzito, ulio wa jamaa moja na mpingo, juu ya shingo ya mepo. Mwaka 1959 Telecaster na Stratocaster zikafuata. Badiliko hilo lilizaliwa na uchafu, lakini masikio yakasikia ndani yake sauti mpya.

Je, mti hauna kazi? Unayo. Uzi ukivuma, shingo nayo hutetema. Na mitetemo hiyo ikilingana, shingo huunyonya uzi nguvu, na sauti hufa mapema. Hata hivyo, jambo hilo hutegemea ugumu, uzito na unene wa shingo, si jina la mti. Mbao mbili za mti mmoja huweza kuhitilafiana.

Hapana budi, basi, kutenga sababu ya tendo na sifa iliyolifuata. Kuzichanganya si kosa dogo. Sifa ya sauti imewatia watu tamaa ya mti ule wa Brazili, ambao biashara yake ya kimataifa ilizuiwa mwaka 1992 kwa kuwa umepungua mno. Fundi aliutaka ufiche madoa tu.