Ganda la risasi: shaba inayong'arishwa na sumu inayobaki ndani yake

Ganda la risasi lililokwisha kupigwa huonekana kama kitu kilichomaliza kazi. Baruti imeungua, kichwa kimekwenda zake, na linapookotwa shambani huwa limegeuka kahawia au kijani kama sarafu ya zamani. Kwa fundi ni kipande cha shaba. Kwa mtoto ni filimbi. Kwa wapiga shabaha wengi wa Marekani na Australia ni chombo cha kusafishwa na kujazwa upya. Katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, na katika mji wa Mbarara, kitu hicho hicho hutazamwa kwa jicho jingine, kwa kuwa wengi wa wakaazi wa Nakivale walifika huko wakikimbia milio ya bunduki nchini Kongo, Burundi, Rwanda au Somalia.

Wala si habari ya kuletwa kutoka nje ya mpaka peke yake. Mbarara ni mji wenye kambi za jeshi, na ulishambuliwa Septemba 1972 na raia wa Uganda waliokuwa uhamishoni Tanzania, kisha ukatekwa na majeshi ya Tanzania mnamo Februari 1979, katika vita vya kumng'oa Idi Amin.

Shaba au chuma?

Ganda halisi la shaba ya njano ni mchanganyiko wa takribani asilimia 70 ya shaba nyekundu na asilimia 30 ya zinki. Mchanganyiko huo hutanuka bunduki inapolia, ukaziba njia ya moshi, kisha hunywea tena, na ndiyo maana ganda lake huweza kutumika zaidi ya mara moja. Lakini maganda mengi ya AK-47, bunduki iliyoenea kuliko zote katika vita vya ukanda huu, si ya shaba hata kidogo. Ni chuma kilichopakwa vanishi au utando mwembamba wa shaba. Sumaku iliyotolewa katika spika ya redio mbovu hutosha kumaliza ubishi: ganda likinaswa, ni chuma. Ukilisugua lipate kung'aa, utaondoa utando huo na kuikaribisha kutu.

Mnunuzi wa vyuma chakavu hulipa zaidi kwa shaba kuliko kwa chuma, na hapo ndipo hamu ya kuyasugua maganda inapoanzia.

Namna yanavyosafishwa

Wanaojaza risasi huanza kwa maji ya moto na sabuni. Hatua hii haileti mng'ao wowote, lakini ndiyo yenye uzito. Fataki, yaani kile kidonge kidogo kwenye kitako kinachowasha baruti, zamani ilitiwa klorati ya potasiamu, hasa katika risasi za kijeshi. Mabaki yake ni chumvi inayovuta unyevunyevu na kuila metali. Mafuta hayaiyeyushi chumvi hiyo, maji huiyeyusha.

Kisha huja asidi dhaifu, mara nyingi asidi ya sitriki, ile ile iliyomo katika ndimu na limau. Ukwaju, unaong'arisha masinia ya shaba katika nyumba za pwani, nao hufanya kazi kwa ukali wake. Ila asidi haijui pa kuishia. Ganda likikaa humo mno, zinki hutangulia kutoka na shaba nyekundu hubaki, na uso wa manjano hugeuka waridi. Wapo wanaoidhani rangi hiyo kuwa ni usafi. Kwa kweli metali imeanza kuliwa.

Mng'ao hutafutwa mwishoni. Maganda hutiwa katika pipa dogo linalozungushwa na mota pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, yakasuguana kwa saa kadhaa. Gunzi hilo, ambalo katika kaya nyingi za Afrika Mashariki huishia motoni, ng'ambo huuzwa kwa mifuko.

Kitu kimoja hukatazwa kabisa, nacho ni amonia, ambayo imo katika baadhi ya dawa za kung'arishia shaba. Sababu yake ilijulikana kwa gharama. Jeshi la Uingereza nchini India liliona risasi zake zikipasuka zenyewe ghalani wakati wa masika, zikiwa zimehifadhiwa karibu na mazizi ya farasi. Mwaka 1921 wataalamu walieleza kwamba mvuke wa amonia utokao katika mkojo wa farasi huivamia shaba iliyokwisha kukazwa na mashine, ikapata nyufa.

Madhara kwa afya

Kiswahili chenyewe kinatahadharisha: risasi ni jina la kinachopigwa, na pia ni jina la metali nzito yenye sumu. Masizi yaliyomo ndani ya ganda aghalabu yana metali hiyo, kwa kuwa fataki nyingi hutengenezwa kwayo. Usuguaji mkavu huigeuza kuwa vumbi linaloingia puani, katika nguo na katika chakula. Watoto wadogo huathirika zaidi, kwani sumu hiyo hudumaza ubongo unaokua. Filimbi ya ganda, basi, isikaribie mdomo wa mtoto.

Moto nao si njia ya kusafisha. Fataki ambayo haikulia hulipuka ikipata joto, na shaba inapoyeyushwa zinki hutoka kama moshi mweupe unaomletea fundi homa na baridi kali usiku huo huo. Risasi yenye kichwa bado ni hai, hata ikiwa imeota kutu miaka 40. Haiguswi; hupewa taarifa polisi au ofisi ya kamanda wa makazi, iliyo chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu.

Sheria na ushahidi

Sheria ya Silaha za Moto ya Uganda ya mwaka 1970 inadai kibali cha kumiliki silaha na risasi. Risasi hutengenezwa Nakasongola na kiwanda cha Luwero Industries, kilicho chini ya shirika la kijeshi la NEC. Mfuko wa maganda yaliyosafishwa na kupangwa kwa vipimo, ukikutwa nyumbani kwa mkimbizi, ni vigumu kuueleza mbele ya askari kuwa ni chuma chakavu.

Kitakoni mwa ganda huwa pamepigwa mhuri, mara nyingi wa kiwanda na mwaka. Kwa mihuri hiyo wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaochunguza silaha nchini Kongo hufuatilia risasi zilikotoka. Alama ya kipini cha bunduki nayo hubaki kwenye fataki, na hupotea pale fataki inapong'olewa ili ganda lisafishwe. Ndiyo maana ganda linaloweza kuwa ushahidi halioshwi wala halisuguliwi: hupigwa picha pale lilipolala, na mchunguzi hulifunga katika karatasi kavu.