Mtoto wa Nne Naye Apimwe Sare: Historia ya Wazazi na Milango ya Skuli Zetu

 

Wanaonijua wanajua kuwa riziki yangu iko kwenye cherehani. Msimu wangu mkubwa ni Disemba, wakati wazazi wa hapa Kiuyu wanapoleta watoto kupimwa sare za skuli. Msimu uliopita alikuja mama mmoja na watoto wanne. Nikawapima watatu. Wa nne, msichana wa miaka 8, alikuwa kakaa mkekani anachezea vipande vya kitambaa. Nilipoinama na futi yangu nimpime naye, mama akanishika mkono. "Fundi, huyo mwache. Huyo hasomi."

Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anavyosema leo pwani hakuna samaki. Ni jambo alilolizoea.

Usiku ule sikupata usingizi mapema. Nilimkumbuka kaka yangu. Alizaliwa na uzito wa kusema, na mambo huyafahamu taratibu kuliko wenzake. Mwaka 1991, alipofika umri wa kuanza, mama alimvisha kaptura iliyopigwa pasi akampeleka skuli. Aliambiwa mtoto kama huyu hapa hatumuwezi, labda mjini. Mama akamshika mkono, wakarudi nyumbani. Mimi nilianza darasa la kwanza miaka michache baadaye, na kila asubuhi kaka alinisindikiza hadi kwenye mnazi ulio njia panda, kisha akarudi peke yake. Leo ni mtu mzima. Namshukuru Mungu, tuko naye dukani, na hakuna anayemshinda kulinganisha rangi za vifungo. Lakini darasani hakuingia hata siku moja.

Hivi karibuni nilimuuliza mama kwa nini hakurudi tena kuuliza. Alinijibu, "Mwanangu, sikujua kama mtu anaruhusiwa kurudi mara ya pili."

Jibu hilo ndilo lililonifanya nitafute historia ya jambo hili. Na nilichokiona ni kimoja: watoto wetu wenye ulemavu hawakuingia skuli kwa sababu sheria ilisema waingie. Waliingia kwa sababu wazazi walijifunza kurudi mara ya pili, na walijifunza hivyo walipoacha kwenda mmoja mmoja.

Tuanze mbali kidogo. Tarehe 23 Septemba 1964, miezi 8 tu baada ya Mapinduzi, Rais wa kwanza wa Zanzibar, Mzee Abeid Amani Karume, alitangaza elimu bila malipo. Kila mwaka tunaisherehekea siku hiyo, na tuna haki ya kuisherehekea, kwani wengi wetu tusingejua kusoma bila ya tangazo lile. Ada iliondoka na mtoto wa mkulima wa karafuu akakaa dawati moja na mtoto wa mwenye mashamba. Lakini ada haikuwa kizuizi pekee. Mtoto asiyeona, asiyesikia, asiyeweza kutembea au aliyechelewa kufahamu alibaki nyuma ya mlango uleule, japo sasa ulikuwa hauna malipo. Hakuna aliyeandika kuwa yeye haruhusiwi. Ilitosha tu kwamba hakuna mwalimu aliyefunzwa kumsomesha wala kitabu kilichotengenezwa kwa ajili yake, na ngazi zilijengwa bila ya kumfikiria.

Wazazi nao walikuwa na mzigo wao. Tusifichane, dada zangu. Kisiwani kwetu mtoto mwenye ulemavu alifichwa ndani. Wengine waliona aibu, na wengine waliogopa maneno ya watu kuwa ni mkosi au mama kafanya jambo. Wapo pia waliomficha kwa mapenzi, ili asichekwe na kupigwa mawe njiani. Sababu zilitofautiana, ila kwa mtoto matokeo yalikuwa mamoja.

Na hili halikutoka kwenye dini yetu. Sote tumesomeshwa chuoni kisa cha Surat Abasa, sura ya 80. Abdullahi bin Ummu Maktum, mtu asiyeona, alimwendea Mtume (S.A.W.) kutaka elimu, wakati Mtume alikuwa ameshughulika na wakubwa wa Kikureshi. Aya zikateremka kumtetea aliyekuja na hamu ya kujifunza. Baadaye huyohuyo akawa mmoja wa waadhini wa Mtume pamoja na Bilal, na akaachiwa Madina aisimamie pale Mtume aliposafiri. Tena tazameni, mpaka leo tunamjua kwa jina la mama yake.

Turudi kwenye historia ya hapa. Mwaka 1985 watu wenye ulemavu wenyewe waliunda Umoja wa Watu Wenye Ulemavu Zanzibar, tunaoujua kwa jina la UWZ. Hii ilikuwa hatua kubwa, kwa sababu kwa mara ya kwanza walizungumza wenyewe badala ya kuzungumziwa. Lakini mtoto mdogo mwenye ulemavu wa akili hawezi kwenda mkutanoni kujisemea. Anahitaji mzazi wa kumsemea.

Ndipo mwaka 1999 ikaanzishwa Jumuiya ya Watu Wenye Ulemavu wa Akili Zanzibar, ambayo wengi huiita ZAPDD. Jumuiya hii ilikuwa ya wazazi na ndugu pamoja na watoto wao, na ilifika Unguja na Pemba. Fikirieni ujasiri wake. Kujiunga maana yake ni kusimama mbele za watu na kusema, "Ndiyo, na mimi ninaye." Mama aliyedhani yuko peke yake kijijini aligundua kuwa nyumba ya tatu yumo mwenzake, na shehia ya pili wamo wengine. Aibu ikipata wenza inapungua.

Walipata mkono kutoka chama cha Norway kiitwacho NFU, ambacho kimekuwepo tangu 1967 na ambacho wazazi wa watoto wa aina hii ni nguzo yake. Na mwaka 2004, kwa ushirikiano wa Wizara ya Elimu, jumuiya hiyo na wenzao hao wa Norway, Zanzibar ikaanza kwa majaribio mpango wa elimu mjumuisho katika baadhi ya skuli za serikali. Maana ya elimu mjumuisho ni nyepesi: mtoto asome skuli ya kijijini kwao, pamoja na ndugu zake na watoto wa jirani, na skuli ijirekebishe kumpokea. Asingoje apone kwanza, na asipelekwe mjini kukaa mbali na wazee wake. Lile jibu la "labda mjini" alilopewa mama yangu mwaka 1991 likaanza kukosa nguvu.

Baada ya hapo karatasi zikafuata. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliitambua elimu mjumuisho. Mwaka huohuo Baraza la Wawakilishi lilipitisha Sheria ya Watu Wenye Ulemavu, Namba 9 ya 2006, iliyozungumzia haki na fursa zao na kuunda Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu. Sheria ya Mtoto, Namba 6 ya 2011, nayo ikaja kumlinda kila mtoto. Wizara ya Elimu ikawa na kitengo chake cha Elimu Mjumuisho na Stadi za Maisha. Angalieni mpangilio wa miaka: wazazi 1999, majaribio 2004, sera na sheria 2006. Wazazi walitangulia, karatasi ikafuata.

Na si Zanzibar peke yake. Uingereza, mwaka 1946, mama mmoja aitwaye Judy Fryd, ambaye bintiye alikuwa na ulemavu wa akili na skuli hazikumtaka, aliandika barua kwenye gazeti la akina mama kuwaomba wazazi wenzake wajitokeze. Waliitikia wengi, na kutokana na barua ile kikazaliwa chama kinachoitwa leo Mencap. Nalipenda sana tukio hili, kwa sababu alianzia kwenye ukurasa wa wanawake, kama huu wetu.

Marekani, katika jimbo la Pennsylvania, sheria iliruhusu skuli za serikali kumkataa mtoto ambaye akili yake ilipimwa kuwa chini ya ya mtoto wa miaka 5. Mwaka 1971 chama cha wazazi kikaipeleka serikali ya jimbo mahakamani, na kesi ikaisha kwa jimbo kukubali kuwa watoto wale nao wana haki ya kusomeshwa. Mwaka 1975 ikatungwa sheria ya nchi nzima, na ndani yake mzazi akapewa kiti katika kikao kinachopanga masomo ya mwanawe. Afrika Kusini, mwaka 1993, akina mama wa watoto wenye ulemavu waliunda chama chao wenyewe, DICAG, wakati nchi yao inatoka kwenye ubaguzi wa rangi.

Mwaka 1994, mjini Salamanca, Hispania, wawakilishi wa serikali 92 walikubaliana kuwa skuli za kawaida ziwapokee watoto wote. Mwaka 2006 Umoja wa Mataifa ukapitisha Mkataba wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, ambao kifungu chake cha 24 ni cha elimu, na Tanzania ikauridhia mwaka 2009. Kwa hiyo mama wa Kiuyu akibisha mlango wa skuli leo, haombi hisani. Nyuma yake pana sheria za Zanzibar na ahadi ya nchi nzima mbele ya dunia.

Je, mambo yamekwisha? Hapana, tusidanganyane. Wapo watoto wanaoandikishwa kisha wakakaa nyuma ya darasa mchana kutwa bila ya kuulizwa swali. Mwalimu mwenye watoto wengi darasani, hata akiwa na moyo mzuri, anahitaji mafunzo na msaidizi. Mtoto asiyeweza kutembea anahitaji mtu wa kumpeleka, na mama huyohuyo anangojwa kondeni. Mtoto kiziwi akipata mwalimu asiyejua lugha ya alama ni sawa na aliyebaki nyumbani. Walimu wetu nao nawatetea, kwani wengi wao hawakufunzwa haya walipokuwa chuo cha ualimu, na wanajifunza wakiwa kazini.

Lakini yule mama yangu wa mwaka 1991 hakuwa na pa kushika. Sisi tunapo. Kwa hiyo nasema na wewe uliye na mtoto ndani. Nenda skuli mapema, kabla ya Januari, ukiwa na cheti chake cha kuzaliwa na kadi ya kliniki. Mweleze mwalimu mkuu mtoto anaweza nini, si anachoshindwa tu: "Anafahamu akiambiwa, anakula mwenyewe, akiona picha anazitambua." Ukiambiwa haiwezekani, uliza kwa utaratibu sababu ni nini na nani wa kusaidia, kisha mwambie utarudi siku fulani. Na siku ya kurudi usiende peke yako. Nenda na baba yake, na mjumbe wa kamati ya skuli, au na mama mwenzako. Mkikwama, sheha yupo, ofisi ya elimu ya wilaya ipo, na jumuiya za watu wenye ulemavu zipo. Baba, nawe usijifiche nyuma ya mkeo. Mtoto ni wenu wawili.

Na yule msichana wa mkekani? Nilimsimulia mama yake habari ya kaka yangu. Alinyamaza kitambo, halafu akaniuliza, "Utanifuata?" Januari tulikwenda watu watatu: yeye, mimi na wifi yake. Mara ya kwanza tuliambiwa turudi wiki ijayo. Tukarudi. Sasa anakaa dawati la mbele pamoja na mdogo wake. Bado hajajua kuandika jina lake, na siku nyingine hulia anataka kurudi nyumbani, lakini kila asubuhi anakuwa wa kwanza kuvaa. Sare yake niliishona kwa pindo refu, ili akirefuka tuiteremshe.

Mama yangu alimwona akipita mbele ya duka akiwa na mkoba mgongoni. Hakusema neno. Alimwita kaka yangu aliyekuwa anapanga vifungo, wakasimama mlangoni pamoja mpaka mtoto alipopita ule mnazi wa njia panda.

Mwenyezi Mungu awatie nguvu wazazi wote waliopewa amana hii, na awafungulie watoto wao milango. Ukiwa na jirani mwenye mtoto wa nne asiyepimwa sare, mwambie utamfuata. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.