Mwalimu Aliyewaimbia Watoto Juu ya Viumbe: Kumbukumbu ya Mama Cecil Frances Alexander (1818–1895)



Kijitabu cha jubilei huwakumbuka waliotutangulia: waanzilishi, walimu wa kwaya na wenyeviti. Mwaka huu sisi wa kamati tumeona tumwongeze mama mmoja ambaye hakuwa mshirika wetu, lakini tumekuwa wanafunzi wake tangu shule ya Jumapili. Ndiye aliyetunga wimbo wa viumbe ambao watoto wetu huimba Jumapili ya mavuno. Ndiye pia aliyetunga ule wa Krismasi juu ya mji wa Daudi, ambao tunapenda uanzwe na sauti moja kabla kwaya nzima haijaingia.

Mama Cecil Frances Alexander alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka wa 1818, katika nyumba ya mwanajeshi. Baba yake, Meja John Humphreys, alikuwa afisa wa Royal Marines, askari wa majini wa Uingereza, na ukoo wa mama yake pia ulikuwa na wanajeshi. Baada ya jeshi, baba alikuwa wakala wa mashamba, akiwasimamia wapangaji na kukusanya kodi kwa niaba ya matajiri wenye ardhi. Mwaka wa 1833 familia ilihamia Strabane, kaskazini mwa nchi, kwa kazi hiyo hiyo. Tunaitaja kwa sababu tutairudia.

Cecil alifundisha watoto shule ya Jumapili. Sisi tunaoshika chaki tunaijua shida aliyokutana nayo. Mtoto anaweza kukariri Imani ya Mitume yote bila kukosea neno, na asielewe hata neno moja. Dawa yake ilikuwa wimbo. Mwaka wa 1848 alichapisha kitabu cha nyimbo za watoto wadogo, Hymns for Little Children. Mahali watoto wanapokiri kwamba Mungu ndiye Muumba wa mbingu na nchi, aliwapa wimbo wa viumbe. Wanapokiri kwamba Yesu alizaliwa na Bikira Mariamu, aliwapa ule wa mji wa Daudi. Wanapofika kwa Pontio Pilato, aliwapa wimbo wa kilima kilicho nje ya mji.

Chuoni tulifundishwa kutoka linalojulikana kwenda lisilojulikana. Yeye alifanya hivyo. Mtoto hajamwona Mungu, lakini amemwona ndege na rangi za mabawa yake. Basi akaanza na ndege. Maneno yake juu ya viumbe vikubwa na vidogo yalitoka hata nje ya kanisa. Mwaka wa 1972 yalikuwa jina la kitabu cha daktari wa mifugo wa Yorkshire, Uingereza, aliyeandika kwa jina la James Herriot.

Lakini wimbo huo una ubeti ambao hatuuimbi. Unamtaja tajiri katika jumba lake na maskini langoni pake, na kusema kwamba Mungu ndiye aliyewapangia hali zao. Ulichapishwa wakati Ayalandi imo katika Njaa Kuu iliyoanza 1845, viazi vilipooza mashambani na watu wapatao milioni moja wakafa. Vitabu vingi vya nyimbo vimeuondoa, kikiwemo The English Hymnal cha 1906.

Kijana mmoja wetu aliuona kwenye simu tukiwa mazoezini. Akauliza: mwalimu anayemhurumia ndege mdogo anawezaje kumwacha mtu langoni? Wengine wakataka wimbo wote uondolewe kwenye ratiba ya jubilei. Wengine wakasema tusiwahukumu wazee wa imani. Jioni ile tulitawanyika bila hata sala ya kufunga.

Kamati ikakubaliana tusome maisha yake kwanza. Tukaona kwamba ubeti ule umebeba nyumba aliyolelewa. Binti wa wakala wa mashamba aliona jumba na lango kila siku, akadhani ndivyo Mungu alivyopanga. Lakini matendo yake yaliupita ubeti wake. Mwaka wa 1850 aliolewa na Mchungaji William Alexander, ambaye mwaka wa 1867 alifanywa askofu wa Derry. Katika parokia za mashambani Mama huyu aliwatembelea maskini na wagonjwa nyumbani mwao. Mapato ya kitabu chake yalisaidia shule ya viziwi huko Strabane. Fikirini jambo hilo, ndugu zangu wanakwaya: nyimbo zililea watoto ambao wasingeweza kuzisikia.

Alifariki tarehe 12 Oktoba 1895, huko Derry.

Kwa hiyo tumeamua hivi. Wimbo tutauimba, ubeti ule hatutauimba, na sababu tumewaandikia hapa ili asiwepo wa kusema tuliuficha. Mwalimu naye hukosea ubaoni, na mwanafunzi mwema husahihisha daftari lake bila kumdharau mwalimu.

Ibada ikiisha tutatoka kwa lango lile lile. Nje tutamkuta punda wa maji amefungwa juani, na huenda kando yake kuna mtu ambaye hajala tangu jana. Wote wawili ni viumbe vya yule tuliyemwimbia. Tusiwapite.

Mungu awabariki.

Katibu wa Kwaya,
kwa niaba ya kamati