Nani Aliwapokea? Wanafunzi wa Kwanza wa Kongo katika Miji ya Ulaya



Kila mwaka jumuiya zetu huwaaga vijana wanaokwenda kusoma mbali. Wengine huvuka mpaka kwenda Kampala, Bujumbura au Nairobi. Wengine hupanda ndege kwenda India, China au Ubelgiji. Huombewa misa, huchangiwa nauli, husindikizwa hadi kituoni, kisha kila mtu hurudi kwenye shughuli zake. Sisi tulio walimu na makatekista tunaona vema kuitazama historia ya wale waliotangulia, yaani wana wa nchi yetu waliokuwa wa kwanza kuishi kama wanafunzi katika miji ya Ulaya. Tukiyachunguza maisha yao, swali moja hurudi kila mara: walipofika, nani aliwapokea?

Tuanze na mwaka 1897. Katika mwaka huo Wakongo 267 walipelekwa Ubelgiji kwa ajili ya maonyesho makubwa ya mfalme Leopold wa Pili, wakawekwa katika vijiji vya kuigiza huko Tervuren, karibu na Brussels, ili watu waje kuwatazama. Saba kati yao walifariki, na makaburi yao yapo hadi leo kando ya kanisa la Tervuren. Watu hao waliufikia mji wa ugenini lakini hawakuingia nyumbani mwa mtu yeyote.

Miaka mitatu baadaye, mwaka 1900, alifika Brussels mtoto wa miaka 12 aitwaye Paul Panda Farnana, mzaliwa wa Nzemba, karibu na mahali mto Kongo unapoingia baharini. Afisa mmoja Mbelgiji, Jules Derscheid, alimchukua na kumkabidhi kwa dada yake, Louise Derscheid. Mama huyo alimlea na kumpeleka shule pamoja na watoto wa mji, katika mtaa wa Ixelles. Mwaka 1904 kijana huyo aliingia shule ya kilimo na bustani ya Vilvoorde, akahitimu mwaka 1907 kwa sifa. Mwaka uliofuata alijiongezea elimu ya kilimo cha nchi za joto huko Nogent-sur-Marne, Ufaransa, na mwaka 1909 akarudi Kongo kufanya kazi katika bustani ya mimea ya Eala, karibu na mji tunaouita leo Mbandaka. Ndiye anayehesabiwa kuwa Mkongo wa kwanza kupata diploma ya masomo ya juu Ubelgiji.

Tulinganishe habari hizi mbili. Nchi ni ile ile, mfalme ni yule yule, baridi ni ile ile. Hatusemi kwamba kila jambo lilikuwa haki katika kumtoa mtoto mdogo kwao na kumvusha bahari. Tunasema tu kwamba mlango mmoja ulifunguliwa, na nyuma ya mlango huo kulikuwa na meza, kitanda na mtu wa kumwuliza mtoto jioni amejifunza nini. Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Panda alipewa mahali pa kulala, kisha akapewa jembe, tena jembe la kweli la mkulima msomi.

Naye hakusahau. Vita vilipozuka mwaka 1914, alijiunga na Wakongo waliojitolea kuitetea Ubelgiji, akatekwa huko Namur na kukaa mfungwa Ujerumani mpaka mwisho wa vita. Mwaka 1919 alianzisha Brussels chama kilichoitwa Union Congolaise, cha kuwasaidia Wakongo waliokuwa wakiishi Ubelgiji: askari wa zamani, mabaharia, watumishi wa nyumbani. Chama hicho kilidai pia elimu kwa watu wa Kongo na heshima kwa askari wao waliokufa vitani. Aliyekaribishwa akawa mwenye kukaribisha. Alirudi kwao mwaka 1929, akafariki mwaka uliofuata.

Baada yake mlango ulifungwa kwa muda mrefu. Utawala wa kikoloni uliwataka Wakongo wenye elimu ya kiasi: makarani, mafundi, waganga wasaidizi, na walimu waliofundishwa katika shule za ualimu za misioni. Wakubwa wa wakati ule walikuwa na msemo wao kwamba pasipo wasomi hapana matata. Tena waliuogopa mji wa Ulaya kuliko walivyoviogopa vitabu vyake. Kijana Mkongo akifika Brussels angemwona Mzungu akifagia barabara, Mzungu akiomba senti mlangoni pa kanisa, Mzungu akimletea yeye kahawa mezani na kumwita bwana. Mambo hayo hayakuwa katika somo lolote, lakini yangetosha kuuvunja uongo ambao ukoloni ulisimama juu yake.

Njia iliyobaki wazi ilikuwa ya seminari. Ndiyo maana mapadri wetu walitangulia walei katika masomo makubwa ya ng'ambo. Mmoja wao alitoka huku kwetu Kivu: padri Vincent Mulago, ambaye katika miaka ya 1950 alisoma teolojia Roma. Tuangalie aliandika nini alipokuwa huko. Akiwa katikati ya makanisa na maktaba za Roma, aliandika juu ya umoja wa uzima kwa Wabantu, akiwachunguza Bashi, Banyarwanda na Barundi. Mwaka 1956 yeye na wenzake, mapadri weusi waliosoma Ulaya, walitoa kitabu cha pamoja ambamo walijiuliza jinsi Injili inavyoweza kuota mizizi katika udongo wa Afrika. Mji wa kigeni ulimfanya aitazame nyumba ya babu zake kwa macho mapya. Hakuwa peke yake: chuo kilimweka pamoja na wengine waliokuwa na swali lile lile, na ugeni wa kila mmoja ukageuka kazi ya wote.

Kwa upande wa walei, jina la kukumbukwa ni Thomas Kanza. Aliingia Chuo Kikuu Katoliki cha Louvain mwaka 1952, akahitimu mwaka 1956 katika saikolojia na elimu ya malezi, akiwa Mkongo mlei wa kwanza kupata shahada katika chuo kikuu cha Ubelgiji. Tunafurahi, sisi wa shule za ualimu, kwamba somo la mlei huyo wa kwanza lilikuwa malezi.

Kuzoea mji wa Leuven, ambao Wafaransa huuita Louvain, hakukuwa kwepesi kwa kijana aliyetoka Kongo wakati ule. Kwanza, lugha. Alikuwa amejifunza Kifaransa kwa jasho na kwa fimbo, akiambiwa kwamba hiyo ndiyo lugha ya Ubelgiji. Alipoteremka kwenye treni alikuta mji wa Waflamandi: mwuza mkate, mwenye nyumba na watoto wa barabarani walisema Kiflamandi, na Kifaransa chake kilimfaa darasani tu. Pili, chumba. Wanafunzi wengi wa Leuven hupanga chumba katika nyumba za wenyeji, nao hukiita kot. Chumba kilichotangazwa asubuhi kuwa wazi kiliweza kuwa kimejaa ghafla mwenye nyumba alipoiona ngozi ya aliyebisha hodi. Tatu, giza. Kwetu jua huzama karibu saa kumi na mbili mwaka mzima. Kule mwezi wa Desemba huzama kabla ya saa kumi na moja, na mgeni hurudi chumbani gizani bila kusikia mtu akimsalimu kwa jina lake. Upweke wa namna hiyo hauponywi na fedha za ufadhili.

Dawa yake ilipatikana katika nyumba. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifunguliwa Ixelles, katika jiji la Brussels, nyumba iliyoitwa Maison Africaine, ili kuwapa wanafunzi kutoka Afrika mahali pa kulala. Waliokosa chumba kwingine walijua pa kwenda. Kuzunguka nyumba hiyo wakaja wenzao, wakafungua maduka, vinyozi, baa na mikahawa, mpaka mtaa wote ukapewa jina la Matonge, kama ule wa Kinshasa. Leo mgeni akishuka hapo atapata sombe na samaki wa chumvi, na atasikia Kilingala na Kiswahili. Ni Ixelles ile ile alikosoma Panda akiwa mtoto.

Wakati huo huo nchi iliwahitaji vijana hao kabla hawajakomaa. Tulipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, mapadri Wakongo walikuwa tayari mamia, lakini walei waliomaliza chuo kikuu walikuwa wachache mno. Hesabu inayotajwa mara nyingi ni 16. Vyuo vyetu wenyewe vilikuwa vichanga: Lovanium ilianza mwaka 1954 huko Léopoldville, na chuo cha serikali cha Élisabethville mwaka 1956. Mwezi Septemba 1960, serikali ilipovunjika, Mobutu aliunda baraza la makamishna lililojaa wanafunzi na wahitimu wapya, chini ya Justin Bomboko aliyesoma Brussels. Wengine kati yao walikuwa hawajamaliza masomo yao. Kijana aliyekuwa jana akitafuta kot aliamka leo akiendesha wizara. Mtu akitaka kuelewa udhaifu wa miaka ile ya kwanza, asiwalaumu vijana hao peke yao; akumbuke pia mlango uliofungwa kati ya Panda na Kanza, karibu miaka 45.

Mwaka 1968 waliobaki Leuven waliona jambo jingine. Waflamandi walidai sehemu ya chuo iliyofundisha kwa Kifaransa iondoke mjini kwao. Ugomvi huo uliiangusha serikali ya Ubelgiji, na mwishowe ukajengwa mji mpya, Louvain-la-Neuve, kwa ajili ya wasemao Kifaransa. Mwanafunzi aliyekuwa amesikia tangu utoto kwamba makabila na lugha ni ugonjwa wa Waafrika aliwaona wenyeji wake wakigawana chuo kwa sababu ya lugha. Hilo halituruhusu kucheka. Linatufundisha kwamba anayekwenda kusoma kwa watu huona pia majeraha yao, na akirudi na hekima hawezi tena kudanganywa kuwa taabu zetu ni za rangi yetu.

Ndugu zetu, tunatoa nini katika historia hii kwa ajili ya vijana tunaowaaga?

Tunatoa kwanza hili: pamoja na barua ya parokia, kijana aondoke na jina la mtu. Awe Mkongo mwenzake, awe familia ya parokia ya kule, awe mtawa aliyewahi kufanya utume kwetu. Awe mtu atakayemngoja siku ya kwanza na kumwonyesha soko, kanisa na daktari. Wajumbe wa jumuiya wanaweza kumtafuta mtu huyo kwa simu moja, kabla ya nauli kulipwa.

La pili: tukimpigia simu, tuanze kwa kumwuliza amelala wapi na amekula nini. Wanafunzi wengi walio ng'ambo huiogopa simu ya nyumbani, kwa kuwa kila sauti huomba fedha, nao huona haya kusema kwamba wao wenyewe wamekosa. Aibu hiyo huwafanya wanyamaze, na anayenyamaza miezi mingi hupotea tukidhani anasoma.

La tatu latuhusu sisi tuliobaki. Mjini mwetu pia wapo wanafunzi wageni. Wanatoka Shabunda, Kalemie, Kasongo, Uvira. Wanapanga vyumba vya mabati nyuma ya nyumba zetu na kusoma kwa taa ya simu. Hawakuvuka bahari, lakini giza lao ni lile lile. Bwana ametuambia waziwazi kwamba mgeni anayekaribishwa ni Yeye mwenyewe. Louise Derscheid alifungua mlango wa nyumba yake, na kutoka nyumba hiyo alitoka mtu aliyewasemea Wakongo wote. Jumapili hii, baada ya misa, tumwulize kijana tusiyemjua aliyekaa benchi la nyuma anatoka wapi, na kama ana mahali pa kula mchana huo.