Safu ya Lugha: «Akteri amekufa!»

Juzi pale Birere, hapa kwetu Goma, kwenye kibanda cha kuchaji simu, vijana wawili walikuwa wameinamia kioo kilichopasuka. «Akteri amekufa!» mmoja akalia. Walikuwa wakisoma *Jujutsu Kaisen*, manga ya Gege Akutami, na marehemu ni Gojo Satoru.

Neno akteri tumelitoa kwa Mfaransa: *acteur*, yaani mwigizaji, mtu wa damu na nyama anayelipwa kujifanya mwingine. Sinema za ngumi zikalipinda, likawa jina la yule asiyekufa, ambaye Watanzania humwita stelingi. Lakini mtu aliyechorwa kwa wino anaigizwa na nani? Huyo ni mhusika, kutoka kuhusu: kisa kinamhusu. Hata Sukuna, shetani yule mla watu, ni mhusika, ingawa hakuna atakayemwita shujaa. Ushujaa ni moyo, si nafasi katika hadithi. Na mhusika mkuu ni Yuji Itadori, si Gojo, hata kama Gojo ndiye anayechorwa kwenye fulana.

Mwenzake akabisha: «Akteri gani anakufa vile?» Hapo alikuwa na hoja, ila aliikosea jina. Sura ya 235 inaisha Gojo akitangazwa mshindi wa pambano lake na Sukuna. Ya 236 inafunguka akiwa uwanja wa ndege, anapiga soga na marafiki waliokwisha kufa. Pigo lililomuua hatukuliona. Hiyo ni kasoro ya mwendo wa hadithi. Basi mdogo wangu, lalamikia mwendo. Mhusika mkuu hakufa: Itadori alifika hadi sura ya mwisho, ya 271, Septemba 2024.